Ukomo wa miaka mitatu umfute mtunzi kwenye wimbo wake?

Mleta mada:
Wadau, jambo hili linaniuma, na nataka tulijadili. Januari 1956 wavulana watano wa New York, The Teenagers, walitoa "Why Do Fools Fall in Love", yaani kwa nini wajinga hupenda. Sauti ya besi ya Sherman Garnes inatangulia peke yake, wenzake wanaingia, kisha inapaa sauti ya Frankie Lymon, mtoto wa miaka 13. Uingereza ulishika namba 1, na Marekani ukaongoza chati ya R&B. Mwimbaji Ronnie Spector alisema wazi kuwa Frankie ndiye aliyemtia hamu ya kuimba. Mimi kila nikiwasikiliza Jackson 5 namsikia yeye. The Beach Boys waliurudia 1964, Diana Ross 1981.

Sasa jina la mtunzi. Santuri za mwanzo ziliandikwa Lymon, Herman Santiago na prodyuza George Goldner. Baadaye jina la Santiago likatoweka. Goldner alipomuuzia mfanyabiashara Morris Levy kampuni zake za muziki, jina la Levy likakaa mahali pa Goldner. Mfanyabiashara akageuka mtunzi wa wimbo wa mapenzi wa watoto wa shule!

Mwaka 1987 Santiago na mwenzake Jimmy Merchant walikwenda mahakamani. Mwaka 1992 baraza la wananchi lililosikiliza kesi likakubali kuwa wao ni watunzi pamoja na Lymon. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ikatengua ushindi huo: dai la utunzi lilipaswa kuletwa ndani ya miaka mitatu, ndio ukomo wenyewe. Mnaona ni haki?

Mchangiaji:
Mkuu, uchungu wako nauelewa, lakini ukomo una sababu. Lymon alifariki 1968, Goldner 1970, Levy 1990. Nani abaki kueleza nani alitunga mstari upi? Na aliyenunua haki za wimbo kwa nia njema naye alindwe, asiishi akingoja dai la miaka thelathini. Sisi wenyewe tumeona "Malaika": Fadhili William aliirekodi, Adam Salim akadai ni yake, na mpaka leo watu wanabishana. Mwenye wimbo adai mapema.

Mleta mada:
Ndugu yangu, adai mapema akiwa na nini? Hawa walikuwa watoto wasio na wakili, na walieleza kwamba walipoulizia haki yao walitishwa. Levy si mtu wa kudhaniwa vibaya bure. 1988 alitiwa hatiani kwa kula njama ya kupora mali kwa vitisho.

Hata hivyo kwenye fedha nakupa nusu. Mirabaha, yaani malipo ya mtunzi, iliyokwisha kulipwa miaka ya nyuma, sheria iifungie, sawa. Jina ni kitu kingine. Wimbo haukwisha 1956. Kila unapopigwa redioni mtu anatajwa na mtu anaachwa. Ukomo ungeweza kuzuia madai ya fedha za zamani bila kumvua mtu utunzi wake.

Na kuhusu mashahidi waliokufa: kwa Merchant hoja yako ina uzito, maana jina lake halikuwamo tangu mwanzo. Kwa Santiago haina. Jina lake lilichapwa kwenye santuri zile za kwanza, na zipo mpaka leo.