Nimealikwa kwenye jopo la wapenzi wa hadithi za maajabu huku Ufini. Niende au nitoe udhuru?

Kipepeo wa Kaskazini (mleta mada)
Wakuu habari za muda huu. Naomba ushauri, na uwe wa haraka kidogo.

Niko Ufini, mji siutaji. Nahudumia wazee, zamu nyingi ni za usiku. Huku unaweza kuishi na jirani ukuta kwa ukuta na msijuane majina. Mwenzangu wa kazini alinikuta nasoma riwaya ya mambo ya anga wakati wazee wamelala, akaniambia kuna watu wangu, twende. Ndipo nikaangukia kwa hawa mashabiki wa sayansi ya kubuni na fantasia. Wana vyama mji kwa mji na majarida yao wenyewe. La Helsinki linaitwa Tähtivaeltaja, linatoka tangu 1982. Mara moja kwa mwezi wanakutana baa. Ni Wafini wale wale wasiofungua mdomo kwenye basi, ila hapo ukitaja roboti mmekesha. Kuna mama mmoja mtu mzima anafuma soksi mwanzo mwisho, hainui macho, na ndiye anayekukosoa ukikosea mwaka wa kitabu.

Sasa kiangazi kuna mkutano wao mkubwa, Finncon. Wameniomba nikae kwenye jopo kuhusu hadithi za maajabu za pwani yetu. Robo tatu ya saa, kwa Kiingereza. Usingizi umekata. Niende, au niseme nina zamu?

Nyuki Mkali
Wanalipa bei gani?

Kipepeo wa Kaskazini
Hawalipi mkuu. Hata kiingilio hakuna, mtu anatoka mtaani anaingia. Wanaendesha kwa ruzuku na watu wa kujitolea, tangu 1986 wako hivyo hivyo wanahamahama: Helsinki, Turku, Tampere, Jyväskylä.

Nyuki Mkali
Hulipwi na usingizi hupati. Endelea kuhudumia wazee.

Ustadh Kimya
Nimesoma mpaka kwenye neno "baa" nikaishia hapo. Kijana, wazazi wako wanajua? Mambo ya mizimu na majoka yanaanzaga hivi hivi, kwa kukaribishwa vizuri.

Fundi 254
Salamu kutoka Eldoret. Hiyo kazi ya wazee, wanachukua watu wa nje? Kifini lazima ujue cha kiwango gani? Niko na cheti cha uuguzi, nijibu tafadhali.

Theluji Kuukuu
Mleta mada nenda, usiogope. Mimi nimekaa Helsinki miaka mingi na hao watu nawajua. Agosti 2017 kongamano lao la dunia, Worldcon ya 75, lilifanyika hapa, ukumbi wa Messukeskus pale Pasila. Nilijitolea kusimama mlangoni. Aisee! Watu walifurika kuliko vyumba, kila kipindi foleni inapinda kona. Mimi kazi yangu ilikuwa kunyoosha mkono na kusema "pamejaa", na walivyo wastaarabu wanarudi nyuma bila neno. Fikiria ungekuwa mlango wa mechi ya Simba na Yanga.

Mmoja wa wageni rasmi alikuwa Nalo Hopkinson, mzaliwa wa Jamaika. Usiku wa tuzo za Hugo, riwaya bora ikaenda kwa N. K. Jemisin, Mmarekani mweusi, mwaka wa pili mfululizo. Nilikuwa nyuma kabisa na fulana yangu ya kujitolea, miguu imevimba, napiga makofi kama nimeshinda mimi. Mke wangu wa wakati ule alikuwa ananipigia simu niende kuchukua watoto. Hayo ni mengine.

Mama Wawili
Mwanangu, mtu hakosi usingizi kwa robo tatu ya saa ya kuongea. Kuna kitu hujakisema. Mada yenyewe ya jopo ni ipi hasa?

Kipepeo wa Kaskazini
Shikamoo mama. Mada ni popobawa, lile dude la Pemba linalosemwa kuvamia watu usiku kitandani.

Nyuki Mkali
😂😂😂 Hapo sawa. Usingizi lazima ukate.

Jogoo la Mbagala
Lala chali tu mkuu, utakuwa salama.

Mama Wawili
Marahaba. Na kati ya hadithi zote za pwani, wamejuaje hiyo?

Kipepeo wa Kaskazini
Niliwasimulia mimi, pale baa, majira ya baridi, saa tisa mchana kiza kimeshaingia. Kila mtu alikuwa anatoa cha kwao. Mmoja akasimulia näkki, dude la majini linalovuta watoto ziwani. Ikafika zamu yangu. Ningesema nini, sungura na fisi?

Mpemba wa Wete
Mleta mada, kwenu Pemba wapi?

Kipepeo wa Kaskazini
Hilo si la msingi sana mkuu.

Mpemba wa Wete
La msingi yakhe. Nijibu.

Mama Wawili
Jibu mwanangu.

Kipepeo wa Kaskazini
Sawa. Mimi ni wa Singida. Pemba sijafika. Pale baa nilisema ni kwetu Chake Chake, na kwamba jambo lilimpata mjomba wangu mwaka 1995, kwa sababu hadithi ya "nilisikia kuna watu" haina ladha. Sasa wasifu wangu kwenye ratiba umeandikwa "amezaliwa kisiwani Pemba, familia yake iliguswa na tukio". Picha nimeshatuma, nimevaa kanzu na kofia. Tiketi ya treni nimeshakata, ile ya bei ya chini isiyorudishwa.

Na juzi mratibu ameniandikia kwa furaha kwamba wamempata na dada mmoja anaishi Uswidi, kazaliwa Pemba, tutakaa naye meza moja.

Jogoo la Mbagala
Nimekaa chini. Nani ana bisi?

Theluji Kuukuu
Dah. Nafuta lile neno langu la "nenda".

Kipepeo wa Kaskazini
Jamani msinihukumu. Sikudanganya, nilisimulia. Yule wa näkki hakuna aliyemuuliza kama alimwona. Na kofia kila Mswahili anavaa, Singida pia zipo.

Mama Wawili
Yule wa näkki hakusema alimvuta mjomba wake.

Ustadh Kimya
Uongo ni uongo hata ukiuvalisha kanzu. Tena kanzu!

Mpemba wa Wete
Mie nlikuwa mtoto mwaka huo. Niwaambieni nyie mnaocheka. Ilianza kwetu Pemba, ikenda Unguja, mpaka Dar ikafika, na ndio mwaka wa uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi virudi, roho za watu juu juu. Majumba yalibaki matupu usiku. Tulilala nje, mikeka imepangwa, moto umekokwa, wanaume wazima wamekaa macho wanaangaliana. Baba yangu, mtu asojua kuogopa, alikuwa hakubali kuingia ndani kuchukua shuka. Unguja watu walimuua mtu mgonjwa wa akili, wakisema ndiye. Hakuwa popo wala jini, alikuwa mgonjwa. Huyo mjomba wako wa Singida alilala wapi usiku ule?

Kipepeo wa Kaskazini
Kaka, hayo ya mtu kuuawa sikuyajua.

Mpemba wa Wete
Ndio nakwambia.

Mwalimu Chaki
Niongeze la kitaalamu. Mleta mada anadhani yuko mbele ya watoto wa shule. Ufini ni nchi ambayo Elias Lönnrot alizunguka vijijini akikusanya nyimbo za wazee mpaka ikatoka Kalevala, utenzi wa taifa lao, mwaka 1835. Chama chao cha fasihi kimeanzishwa 1831 na kina ghala la masimulizi ya kienyeji. Mtu aliyekulia kwenye desturi hiyo swali lake la kwanza ni: nani alikusimulia, kijiji gani, lini? Na hao mashabiki wana watafiti ndani yao, wana jarida la kitaaluma, Fafnir, tangu 2014. Johanna Sinisalo alipata tuzo ya Finlandia mwaka 2000 kwa riwaya yenye zimwi la msituni, tuzo kubwa ya fasihi ya nchi nzima. Kwao mazimwi ni kazi.

Ushauri wangu: badili mada. Mbona unahangaika na popo wakati una Kusadikika? Shaaban Robert aliweka nchi nzima angani mwaka 1951. Una Walenisi ya Katama Mkangi, 1995, mwaka ule ule wa popobawa: mtu anahukumiwa, anatiwa kwenye chombo, anarushwa huko juu, anatua kwenye dunia nyingine yenye haki. Kama hiyo si sayansi ya kubuni ya pwani sijui ni nini. Hapo huhitaji mjomba.

Fundi 254
Walenisi tulisoma! Mkangi ni wetu wa Pwani. Lakini mkuu swali langu la Kifini bado.

Mchunguzi Huru
Nimekaa kimya nasoma. Wakuu, hii ni chai.

Mtu hataji mji, nadhani anaogopa kujulikana. Sawa. Halafu anataja Finncon, anataja jopo, anataja mada, anataja dada wa Pemba anayeishi Uswidi na mama wa soksi. Majopo ya popobawa Ufini yatakuwa mangapi? Mfini yeyote akiweka uzi huu kwenye programu ya kutafsiri anampata kabla chai yenyewe haijapoa. Kwa hiyo ama hakuna jopo, ama mleta mada ana akili ndogo kuliko anavyoandika. Na anaandika vizuri mno kwa mtu asiyelala.

Pili, mtu anakuja kutuambia yeye ni bingwa wa kutunga mambo ya kweli, na sisi tunamuamini. Mimi naona yuko mezani anaandika hadithi, sisi ndio tunampa maneno. Mpemba wa Wete umeshampa baba yako na shuka. Subiri utayasoma kwenye jarida.

Nyuki Mkali
Uzi bila picha ni batili. Weka hiyo ya kanzu.

Mpemba wa Wete
Akiyaandika yangu, bora kuliko ya mjomba.

Kipepeo wa Kaskazini
Mchunguzi, kama ningekuwa natunga ningejipa shida ndogo kuliko hii. Mji nimeficha kwa sababu ya kazini, si kwa sababu ya mashabiki.

Mchunguzi Huru
Mwanzo hukusema hivyo. Mwanzo hukusema sababu kabisa.

Theluji Kuukuu
Mchunguzi wewe hata Ufini hujafika. Maelezo yake ya ile baa ni sahihi. Soksi zinafumwa kweli. Nimeona mtu anafuma mpaka ukumbini wakati tuzo ya Atorox inatangazwa, na Atorox ni ya heshima, hadithi fupi bora ya mwaka, inatolewa na chama cha Turku tangu 1983.

Mchunguzi Huru
Kwa hiyo alifika baa. Jopo je?

Jogoo la Mbagala
Naomba nivunje ukimya. Mimi ndiye yule dada wa Uswidi. Mleta mada, tutaonana mezani. Andaa jina la mjomba, mtaa na jirani yake wa kushoto.

Kipepeo wa Kaskazini
Dada naomba tuzungumze faragha kabla hujawaandikia waandaaji. Tafadhali. Nimekutumia ujumbe.

Jogoo la Mbagala
😂😂😂 Kaka mimi naendesha bajaji Mbagala Rangi Tatu. Ila ujumbe nimeusoma, ni mrefu. Mchunguzi, jamaa ana hofu ya kweli, jopo lipo.

Mchunguzi Huru
Au kajua wewe ni dereva na kaigiza.

Ustadh Kimya
Sasa mmefikia kudanganyana juu ya uongo. Subhanallah.

Mama Wawili
Mwanangu, waache hao. Huyo dada wa Uswidi, una njia ya kumpata? Mwandikie yeye kwanza, si waandaaji. Mwambie kwenu ni Singida. Akicheka, mmemaliza. Asipocheka, bora akasirike kwenye simu kuliko mbele ya wageni. Mimi niliwahi kumdanganya mkwe wangu kwamba najua kupika biriani, nikaletewa sahani arobaini za kupakua. Nilinunua hotelini, nikahamishia kwenye sufuria yangu. Mpaka leo kila Idi naagizwa mimi.

Nyuki Mkali
Mama huo si ushauri, ni ushahidi kwamba inawezekana 😂

Kipepeo wa Kaskazini
Wakuu, nimefanya hivi. Nimewaandikia waandaaji kwamba ningependa jopo liwe pana zaidi, liitwe hadithi za maajabu za Waswahili, mimi nizungumzie Kusadikika na Walenisi, na ya popobawa aachiwe dada kwa kuwa ana uzoefu kuliko mimi. Wamekubali, wamesema wazo zuri. Mwalimu Chaki nakushukuru, na kama kuna mwenye nakala ya Walenisi anisaidie, huku haipatikani.

Mama Wawili
Na wasifu?

Kipepeo wa Kaskazini
Wasifu umeshachapwa mama. Kumsumbua mtu wa kujitolea abadilishe mstari mmoja si vizuri. Habari ya mjomba, dada akiuliza nitasema familia haipendi kuizungumzia.

Mchunguzi Huru
Mjomba yupi?

Mpemba wa Wete
Nakala ya Walenisi ninayo. Sikupi mpaka ubadilishe mstari.

Theluji Kuukuu
Ubadilishe bwana. Ratiba ya mtandaoni wanarekebisha mpaka asubuhi ya siku yenyewe, nimewahi kukaa dawati la habari. Na ukifika pitia meza za vitabu vya mtumba mapema, vizuri vinaisha siku ya kwanza.

Nyuki Mkali
Kanzu ulipata wapi huko?

Kipepeo wa Kaskazini
Helsinki, upande wa mashariki, kwa Wasomali. Imenibana mabegani kidogo.

Fundi 254
Bado nangoja jibu la Kifini.