Ameniziba briza kwa BOLTI, halafu ananiambia injini inatoka jasho!

Wakuu, mikono bado ina oili, naandika hivyo hivyo. Yule fundi mnamjua wote, yule anayesikiliza injini amefumba macho kama mkunga. Jina silitaji.

Nilimpelekea gari kwa jambo moja: mpira wa briza, ule wa injini kupumulia, unaotoka tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) kwenda kwenye paipu ya hewa ya tabo (ile feni inayosukumia injini hewa), ulikuwa unachuruzika oili. Akasema, "Hiyo naimaliza." Kaimaliza kweli. Kachomeka bolti ya spana namba 14 mdomoni mwa mpira, kakaza klipu. BOLTI, jamani!

Injini ya tabo ina njia mbili za kupumulia. Ukienda taratibu, manifodi (mabomba yanayogawia silinda hewa) inanyonya gesi inayopenya kwenye ringi za pistoni kupitia valvu ya PCV, kidude kinachopitisha gesi upande mmoja tu. Ukikanyaga, tabo inajaza presha kwenye manifodi, valvu inajifunga, na gesi yote inabakiwa na mlango mmoja tu, huo mpira. Ndio aliouziba!

Nimepanda mlima mmoja. Mmoja! Dipstiki ikaruka kama kizibo cha soda, sili ya nyuma ya krenki (mhimili wa injini) ikaanza kuvuja, tabo ikashindwa kurudisha oili kwenye sampu (beseni la oili chini ya injini) ikaitemea kwenye eksozi. Moshi wa bluu mpaka magari ya nyuma yakawasha taa saa sita mchana.

Nampigia, anasema: "Hilo jasho la injini tu, bosi." JASHO! Bolti ninayo mkononi, meno yake yote yameganda oili nyeusi, na mtu ananiambia jasho!

Spana_ya_Babu: Pole mkuu, ila nimecheka mpaka nimepaliwa. Si ungefungua boneti kabla ya kuondoka? Unaachaje gari kwa yule halafu unapokea funguo tu?

Mleta uzi: Nilifungua! Kaificha chini ya paipu ya hewa. Bolti!

Bi_Gia: Chomoa valvu ya PCV, ipulize kwa mdomo upande wa manifodi. Hewa ikipita, valvu imekufa, tabo inapuliza moja kwa moja kwenye krenki. Hapo ndipo oili ilipokuwa inasukumwa.

Mleta uzi: Nimepuliza sasa hivi. INAPITA. Kidude cha ukubwa wa kidole gumba, yeye akaenda kutafuta bolti!

Moshi_Mweupe: Weka valvu mpya na kopo la kunasa oili, yaishe.

Kizibo: Kopo? Mimi alinifungia huyo huyo. Tupu ndani, halina hata wavu, oili inaingia huku inatokea kule. Intakula yangu, ile ya kupoza hewa ya tabo, imejaa kama karai la chipsi.

Rejeta_Kavu: Nyie mna nafuu. Mimi alinitolea thamostati, ile valvu inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto, eti injini ipoe. Miezi yote hii mshale wa joto haujawahi kufika katikati, na mafuta inakunywa kama ngamia.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye bolti.

Plagi4: Thamostati si kitu. Mimi alikaza plagi kwa bomba la futi mbili, meno ya hedi yakatoka yote.

Rejeta_Kavu: Huyo huyo anayefumba macho?

Plagi4: Huyo huyo. Na siku hiyo alifumba.

Spana_ya_Babu: Plagi4, uliweka helikoili (meno mapya ya waya) au ulibadilisha hedi nzima? Na mimi ninayo kama hiyo, silinda ya tatu.