Naomba ushauri: bati la gari linatoboka nikichomelea

Wakuu, habari za jioni. Niko Raskazone, Tanga, na upepo wa chumvi umeila pikapu yangu chini ya milango. Najifunza kuchomelea nyumbani niizibe mwenyewe. Bati lake halifiki milimita 1, mashine niliyonayo ni ya fito (vijiti vya kuchomelea vinavyoyeyuka kwa umeme). Kwa fito ya milimita 2.5 ukingo unaiva mwekundu, unadondoka, tundu linazidi. Nikishusha umeme hadi ampea 40, fito inaganda kwenye bati. Nimeweka kipande cha shaba nyuma, afadhali kidogo. Kutu nimekwangua kwa grenda hadi chuma cheupe, kwa hiyo sidhani kama tatizo ni uchafu.

Je, fito ya milimita 1.6 kwa kushika nukta nukta itatosha, au nitafute MIG (mashine inayolisha waya yenyewe badala ya fito) ya waya wa milimita 0.6? Na kwa MIG, gesi ya kaboni dioksidi pekee ya kukinga chomeleo dhidi ya hewa inafaa bati hili?