Madaraka ni ya wananchi, halafu boma la zahanati yetu linasubiri agizo la Dodoma?

Wakuu, salaam. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa majimbo, wa wanaotaka nchi igawanywe majimbo yenye serikali zake. Nitafika huko, ila kwa njia yangu.

Niko huku Uporoto, Mbeya, kwenye viazi. Kijijini kwetu kuna boma la zahanati. Tulichanga, tukafyatua tofali, akina mama wakasomba maji na mchanga, kuta zikafika kwenye linta. Tuliambiwa na wataalamu wa halmashauri (siitaji jina, wenyewe mnajijua) kwamba wananchi wakifika hapo, kupaua ni kazi yao. Fedha ikapitishwa kwenye baraza la madiwani, diwani akaja kutusomea kwenye mkutano mkuu wa kijiji, vigelegele vikapigwa. Baadaye likashuka agizo kutoka juu kwamba mapato ya ndani ya halmashauri yaelekezwe kwenye madarasa. Ikawa imeisha hivyo. Leo ndani ya boma kumeota magugu, na mjamzito akizidiwa usiku ni bodaboda mpaka Uyole kwenye utelezi huu mnaoujua.

Sipingi madarasa, wanangu wanasoma. Ninachouliza ni kimoja: baraza lililochaguliwa likishaamua, ni nani mwenye haki ya kulifuta kwa barua, bila hata kulirudisha kikaoni?

Nimetafuta jibu na limeniudhi kuliko barua yenyewe. Fungueni Katiba ya 1977, Ibara ya 146. Inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni "kupeleka madaraka kwa wananchi". Maneno matamu. Sasa isome pamoja na ya 145 iliyo juu yake. Ni ibara mbili tu, na habari yote ya maana imeachiwa sheria zitakazotungwa na Bunge. Hamna orodha ya kazi ambazo ni za halmashauri na serikali kuu haizigusi. Hamna fungu la mapato ya taifa ambalo ni haki ya halmashauri, iwe mvua iwe jua. Hamna hata mstari unaosema ifanyike nini serikali kuu ikiingilia.

Na kisichofungwa na Katiba kinapanguliwa bajeti hadi bajeti. Kodi ya kichwa ilifutwa 2003. Hiyo hakuna anayeililia, wazee wetu walilala porini kuikimbia. Lakini kodi ya majengo, ambayo kila mahali inajulikana kuwa ni kodi ya mji, ilihamishiwa TRA (mamlaka ya mapato ya serikali kuu) mwaka 2016, halafu 2021 ikaingizwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, na mpangaji wa Soweto au Mwanjelwa akajikuta anakatwa kodi ya nyumba ya mtu mwingine anaponunua umeme. Ushuru wa mazao ulikuwa asilimia 5. Mwaka 2017 ukashushwa hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula. Mimi ni mkulima, nilishangilia, nisidanganye. Lakini halmashauri za huku Nyanda za Juu zinaishi kwa viazi, mpunga, chai na mbao. Ukizipunguzia ushuru, ni ibara gani inayosema pengo linazibwaje? Hakuna.

Chukua na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, mikopo ya vikundi, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Hiyo imo ndani ya sheria yenyewe. Mwaka 2023 ikasitishwa kwa tamko. Ndiyo, CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, alikuwa ameonyesha wizi na vikundi hewa. Basi wakamateni wezi! Badala yake walioadhibiwa ni akina mama wa kikundi cha kijijini kwetu ambao walikuwa wanarejesha.

Ni kama kuku wa zawadi anayopewa mtoto: kuku ni wake, ila siku ya kuchinja haulizwi.

Halafu angalia nani anakaa ofisini. Mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya ni wateule wa Rais. Mkurugenzi naye ni mteule kutoka juu, na baraza la madiwani linaloitwa mwajiri wake haliwezi kumwondoa. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kukuweka ndani mpaka saa 48, na tumeona ukitumiwa kwa watendaji na hata madiwani waliojibu vibaya kikaoni. Uchaguzi wa wenyeviti wa vijiji, ule wa Novemba 2019 na wa Novemba 2024, umesimamiwa na TAMISEMI, yaani wizara iliyo ndani ya Ofisi ya Rais. Sasa mwenyekiti wangu wa kijiji atambishia nani?

Msiniambie nchi bado changa. Tulishajaribu kuendesha kila kitu kutoka juu. Mwaka 1972 halmashauri zilifutwa kabisa, na jambo lenyewe likapewa jina la "madaraka mikoani" (mtu aliyebuni jina lile alikuwa na roho ngumu). Huduma za miji zikaoza mpaka mabaraza ya miji yakarudishwa 1978, na sheria za halmashauri zikarudi 1982. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri mwaka 1984 kwamba kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika ni mambo ambayo asingeyarudia. Sisi tumezirudisha kwa jina, madaraka yakabaki juu.

Sasa nyie wa majimbo. Mnapenda kutaja Marekani, ambako marekebisho ya kumi ya Katiba yao, ya mwaka 1791, yanaacha kwa majimbo au kwa wananchi kila mamlaka ambayo hayakupewa serikali kuu. Sawa, lakini mbali. Angalieni Kenya. Katiba yao ya 2010 ina jedwali zima linalotaja kazi za kaunti 47, kilimo na zahanati zikiwemo, na Ibara ya 203 inasema mgawo wa kaunti zote usipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa. Fedha zinachelewa na magavana wengine wanatafuna, najua, msinitumie magazeti. Ila gavana akinyimwa ana ibara ya kwenda nayo mahakamani. Jimbo lisilo na jedwali wala asilimia litakuwa mkuu wa mkoa aliyeongezewa mishahara ya wabunge wadogo.

Na mchakato wetu wa katiba tuliutumiaje? Tume ya Warioba, iliyokusanya maoni ya katiba mpya, ilipendekeza serikali tatu (ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar) na mambo ya Muungano yashuke kutoka 22 hadi 7. Mimi niliunga mkono. Lakini halmashauri za Bara hazikuwa mle, kwa hoja kwamba si jambo la Muungano, zingesubiri katiba ya Tanganyika. Bunge Maalum la Katiba likaitupa serikali tatu, likatoa Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2014, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 haijapigwa mpaka leo. Miaka yote hii tunagombania idadi ya serikali juu, kijiji hakina wa kukisemea.

Atakayekuja hapa na "nenda kwa diwani wako" asome tena juu. Diwani ndiye aliyetusomea ile barua, na alikuwa anaona aibu kuliko sisi.

Wa Makete, Mufindi na Mbarali, tupieni na ya kwenu. Na mwanasheria yeyote humu anijibu hili: baraza la madiwani likikataa agizo la namna hii kwa muhtasari uliosainiwa, mkurugenzi anabanwa na muhtasari au na barua ya wizara? Nataka kifungu, sitaki busara. Kikao cha bajeti kinakaribia na boma halijapauliwa.