Naomba ushauri: faiba karibu na mashine za kuchomelea

Wakuu, habari za kazi. Karakana yangu na ofisi vimeachana mita 80. Kwa waya wa shaba, mtandao ulikuwa unakata kila vijana wakianza kuchomelea, nikaamua kuhamia faiba. Sasa muuzaji anasisitiza ninunue yenye ganda la chuma ili kuzuia mawimbi ya umeme. Hapo nimekwama: faiba hupitisha mwanga ndani ya kioo, mawimbi hayo yataiingiliaje? Ninavyoelewa, chuma kile huzuia panya na majembe, na kisipofungwa ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) kinaweza kuingiza radi hadi ofisini. Panya ninao kweli, wameshatafuna nyaya mbili. Nichukue ya chuma na kuifunga ethi, au nipitishe isiyo na chuma kabisa ndani ya bomba? Na konvata (vile vifaa vya kila mwisho vinavyobadili mwanga wa faiba kuwa mtandao wa waya wa kawaida), ambazo zinatumia umeme, nizilindeje? Mafundi, nisaidieni kabla sijalipa.