Beseni la Jumamosi

Kikundi: Majirani Mabatini Juu

Jumatano

[18:47] Mama Kulwa: Habari za jioni majirani. Chekechea imefunga, watoto wetu wa miaka miwili mitatu wanashinda wanachora kuta. Jumamosi saa nne asubuhi waleteni uani kwangu tuwafundishe kwa kutumia epo. Tunda moja, asubuhi nzima. Nimeshapanga kila kitu. Kila mzazi 2,000.

[18:49] Mama Kulwa: Nani yupo?

[19:30] Mama Kulwa: Naona mmesoma watu kumi na mmoja.

[19:34] Baba Neema: Epo la nini mama, na ziwa lile pale? Leta sato. Ana magamba, ana mkia, ana macho ya kuhesabu 😂

[19:35] Fundi Masanja: Macho mawili tu, hesabu inaisha mapema

[19:35] Baba Neema: Wakitaka kumi tunaleta sato watano 😂😂

[19:41] Mama Kulwa: Chekeni, mkimaliza mnisikilize. Jana nilimpa Doto epo zima, sikumwambia kitu. Akanusa kikonyo. Akalibingirisha kwenye mkeka. Akaenda kulitumbukiza kwenye ndoo, likaelea. Akalizamisha kwa mikono miwili, akaachia, likaibuka na kumrushia maji usoni. Akarudia mpaka mkeka wote ukalowa. Halafu akatoka mwenyewe, akarudi na jiwe, akalitia. Jiwe halikurudi. Ananitazama mimi, anaitazama ndoo. Mtoto ambaye hata "maji" bado anasema "mai". Kulwa kasimama pembeni hajagusa kitu, lakini usiku kanidai epo na jiwe.

[19:42] Mama Kulwa: Ndani ya epo mna hewa, karibu robo yake ni hewa tupu, ndiyo maana linaelea. Hatutawaambia hivyo. Tutawaacha waone.

[19:50] Rehema mpangaji: Jamani, kwetu Unguja ukisema tofaa unaletewa jingine kabisa. Jekundu, refu kidogo kama peasi, ndani jeupe, maji matupu. Nimelikumbuka mpaka mate yananitoka

[19:51] Baba Neema: Lete hilo basi

[19:51] Rehema mpangaji: Nilitoe wapi Mwanza shemeji

[19:53] Mama Kulwa: Haya ninayosema ni epo za sokoni. Muuzaji wangu anazo nyekundu na za kijani, anasema za Njombe akizipata ataniwekea. Moja 800. Nataka za rangi mbili ili watoto wazitenganishe, nyekundu kikapu hiki, kijani kile.

[19:58] Mama Kulwa: Halafu nitakata moja kwa upana. Siyo kuanzia kwenye kikonyo kwenda chini kama tulivyozoea. Ukilikata kwa upana katikati inatokea nyota ya pembe tano na mbegu zimelala ndani yake. Tutahesabu pembe, moja mpaka tano, kila mtoto kwa kidole chake. Nusu nyingine tunachovya kwenye rosela iliyochemshwa ikakolea, tunagonga kama muhuri. Fundi, maboksi ya vigae bado unayo?

[20:04] Fundi Masanja: Yapo. Nitaleta manne

[20:05] Mama Kulwa: Mungu akubariki. Na kipande kimoja nitakipaka ndimu, kingine nitakiacha hivyo hivyo. Tukimaliza kuimba, kisicho na ndimu kitakuwa kimeshaanza kuwa cha kahawia. Mwisho kila mtoto anapewa vipande vyake anakula.

[20:09] Nesi Leah: Mama Kulwa hapo mwisho nakuomba sana. Epo bichi ni gumu, na mtoto wa chini ya miaka minne hajui kulitafuna vizuri. Kipande kinateleza moja kwa moja kooni. Likwanguliwe au lichemshwe mpaka lipondeke kwa kijiko. Na mbegu zisibaki mezani.

[20:11] Baba Neema: Kwa hiyo tunachangia 2,000 kwa ajili ya uji wa epo 😂

[20:12] Fundi Masanja: Mimi bakuli mbili

[20:13] Rehema mpangaji: 😂😂😂

[20:15] Mama Kulwa: Tusitoke kwenye mada. Nahitaji beseni kubwa la kueleshea. Nani analo?

[20:16] Baba Neema: Si unalo lako lile la bluu

[20:18] Mama Kulwa: La bluu lilirudi kutoka msibani na ufa. Wote mnajua.

[20:19] Mama Ester: Lilikuwa na ufa kabla halijatoka kwako.

[20:20] Mama Kulwa: Mama Ester, sikutaja jina.

[20:21] Mama Ester: Hukutaja lakini miaka miwili kila mkutano beseni, kila harusi beseni. Nililibeba kichwani mwenyewe, mtoto mgongoni, nikapanda nalo mawe yote haya. Nilikwambia siku ile ile, ukaniambia hamna neno.

[20:22] Mama Kulwa: Nilisema hamna neno kwa sababu ulikuwa na msiba.

[20:24] Nesi Leah: Jamani. Vipande vibichi. Naomba mtu anijibu.

[20:25] Rehema mpangaji: Mimi nina ndoo ya lita 20 kama itafaa

[20:25] Baba Neema: Lita 20 epo linaelea, Masanja haelei 😂

[20:26] Mama Ester: Ujumbe huu umefutwa

[20:44] Sospeter wa Bibi Milembe: Shikamooni. Bibi kaniambia niwasomee ujumbe wote, nimemsomea. Anasema niandike maneno yake kama alivyoyasema, nisipunguze. Haya:

Leah amesema mara mbili na mara mbili mmemruka. Siku ile ya Kabula nilikuwepo. Masanja ulikuwepo, ndiwe uliyekimbia mpaka barabarani kutafuta gari. Ilikuwa kipande cha muwa, hakikuzidi ukucha. Mtoto hapewi kitu kigumu uani kwa mtu yeyote nikiwa hai. Beseni ni plastiki. Wabeja.

[21:02] Fundi Masanja: Nimekusikia Bibi.

[21:03] Baba Neema: Bibi shikamoo. Nisamehe.

[21:17] Mama Kulwa: Shikamoo Bibi. Nimekusikia. Hakitaonekana kipande kibichi mkononi mwa mtoto. Nitalimenya, nichemshe, niliponde. Lile zima la kuchezea nitawashika mimi mwenyewe wasiling'ate. Leah nisamehe sikukujibu.

[21:19] Nesi Leah: Ndiyo dada. Wale wakiwa wamekaa, wasikimbie na chakula mdomoni. Nitakuja, natoka zamu ya usiku lakini nitakuja.

Alhamisi

[06:12] Sospeter wa Bibi Milembe: Bibi ameamka na neno lingine. Anasema epo za 800 za nini nyingi hivyo, nunua mbili, nyekundu na kijani. Pera liko kwake, embe liko kwa Masanja, machungwa ya Ukerewe yanashuka kila siku. Mtoto ayaweke yote majini aone lipi linazama.

[06:40] Mama Kulwa: Epo mbili kwa watoto tisa Bibi? Watagombania. Lakini wazo la kuyaweka yote majini ni zuri, sikuwa nimeliwaza. Basi tuseme epo nne, na kila nyumba tunda moja la kwao. Mchango ushuke 1,000. Mnaonaje?

[07:55] Rehema mpangaji: Nimetuma 2,000 tayari jana

[08:30] Mama Kulwa: Imefika. Nitakurudishia au tuongeze ndimu na rosela. Wengine?

[13:10] Mama Kulwa: Wengine?

[13:48] Mama Ester: Ester atakuja. Tutaleta papai.

[13:49] Mama Kulwa: Asante mama Ester. Karibuni sana.

[13:50] Mama Kulwa: Na beseni?

[21:36] Baba Joshua: Poleni, nilikuwa kisiwani mtandao haukuwepo. Nimesoma juu juu. Ni Jumamosi hii? Huyo sato analetwa na nani?