Sugar, Trump, Sexwale au Shobanjo: ungekubali kukaa mbele ya bosi yupi?

FundiSimu_Mwanza (mwenye uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nina kibanda cha simu na vipuri hapa Mwanza, na vijana watatu wa kazi. Wiki ya pili sasa mimi na mama watoto tunakesha na vipande vya kipindi cha The Apprentice huko YouTube, na ugomvi umeingia ndani. Yeye anasema hakuna bosi mkali kama Alan Sugar wa Uingereza, anamwita "Bwana Sukari, mchungu kama shubiri". Mimi namtetea Trump, maana ile "umefukuzwa kazi" yeye ndiye aliyeianza pale NBC, televisheni ya Marekani, Januari 2004, Waingereza wakafuata 2005. Kuchimba zaidi nikakuta Afrika Kusini walikuwa na Tokyo Sexwale, na toleo la Afrika lililofanyiwa Lagos lilikuwa na Biodun Shobanjo.

Kwa asiyekijua: washiriki wanagawanywa timu mbili, wanapewa kazi, mfano kuuza maua mitaani kutwa nzima. Timu iliyoshindwa inaitwa chumba cha bodi. Bosi amekaa katikati, washauri wawili pembeni, na mmoja anaondoka na begi lake. Kichekesho ni kwamba bosi anamfukuza mtu ambaye hajamwajiri!

Swali langu: wewe ungekubali kukaa mbele ya nani? Naomba sababu, tusijibu kishabiki kama Simba na Yanga.

---

Kaka_wa_Luton

Fundi, salamu kutoka huku kwenye baridi. Kipindi nimekifuata tangu kikiwa BBC Two, kabla hakijahamia BBC One mwaka 2007. Shemeji yuko sahihi nusu.

Sugar ni mtoto wa Hackney, London mashariki, amezaliwa 1947. Alianza kwa kuzungusha antena za magari kwenye gari la mizigo la mtumba alilolinunua pauni 50. Mwaka 1968 akafungua Amstrad; hilo jina ni herufi zake mwenyewe, Alan Michael Sugar, zikaunganishwa na mwanzo wa neno la Kiingereza la biashara. Wewe wa vifaa utamwelewa: televisheni ya setilaiti ya Sky ilipoanza 1989, madishi yalikuwa ya kwake, na 2007 kampuni ikauzwa kwa Sky hao hao kwa kama pauni milioni 125. Kwa hiyo akimwambia kijana hajui kuuza, anayesema ni mtu aliyelala na bidhaa stoo.

Lakini mnawapima mabosi na kuwasahau wale wawili wa pembeni. Miaka ya mwanzo walikuwa Nick Hewer na Margaret Mountford. Jiulizeni: Sugar mwenyewe kutwa hayupo mtaani. Anayezunguka na timu tangu alfajiri ni mshauri. Haruhusiwi kusaidia, anaandika tu. Mshiriki anapiga hesabu ya faida juu ya boksi, amesahau kutoa gharama ya mzigo. Margaret amesimama hatua tatu nyuma yake, koti limefungwa hadi juu, daftari mkononi. Hasemi neno. Nyusi moja inapanda. Kwangu hiyo nyusi ilikuwa inaumiza kuliko kidole cha kufukuzia cha Sugar, maana unajua imeshaingia daftarini.

Na hawakuwa wapambe wa kuokotwa. Nick alimfanyia Amstrad kazi ya uhusiano kuanzia 1983. Margaret alikuwa mwanasheria, wakakutana kampuni ilipokuwa inaingia soko la hisa 1980. Wamejuana naye zaidi ya miaka ishirini hao. Sugar akikoroga wanaweza kumtazama tu akajirekebisha.

---

Mzee_wa_Upanga

Kaka wa Luton umesema vizuri, ila usituuzie kwamba washauri ni mali ya Waingereza. Trump naye alianza na watu wazito. George Ross alikuwa wakili wake tangu miaka ya 1970, mzee hasa, anaongea polepole kama anayesoma mkataba. Carolyn Kepcher alikuwa anamwendeshea kilabu cha gofu, na huyo mama ukimdanganya anakukata kwa sentensi moja. Misimu ile ya kwanza ndiyo ilikuwa kipindi.

Kepcher akaondoka 2006. Baadaye viti vikawa vya watoto, Ivanka na Donald mdogo. Sasa niambieni, mtoto atambishia baba yake mbele ya kamera? Hapo mimi niliacha kuangalia. Ikawa kikao cha familia, na washiriki ni wageni waliokuja kuomba mchango.

Hata hivyo kura yangu ni ya Trump, kwa sababu moja tu: kile kiti hakikumkaa mwingine. NBC walipoachana naye 2015 wakamweka Arnold Schwarzenegger, msimu mmoja tu wa 2017, kwisha habari.

---

Mchimbaji_Geita

Sexwale. Mtu kafungwa Robben Island miaka 13, katoka, kawa waziri mkuu wa kwanza wa jimbo la Gauteng 1994, kisha kaingia kwenye madini. Huyo hana haja ya kupiga meza.

---

DadaHR_Ilala

Mchimbaji, lakini Sexwale kwenye fainali aliwaajiri wote wawili! Mimi niko ofisi ya rasilimali watu mwaka wa kumi na moja, nikimwambia mkurugenzi wangu "nimewachukua wote" nafasi ikiwa moja, ninayefuata kufukuzwa ni mimi.

Nirudi kwa Waingereza, maana wanaume mmekaa kwenye chumba cha bodi mkaruka sehemu tamu kuliko zote: wiki ya usaili. Wakibaki wachache, Sugar anawapeleka kwa marafiki zake wa biashara, mmoja mmoja, chumba kwa chumba. Huko ndiko alikokuwa Claude Littner tangu msimu wa kwanza. Upara, tai imenyooka, wasifu wako umelala mbele yake umepigwa mistari. Amewahi kuwa mtendaji mkuu wa Tottenham enzi hizo Sugar ndiye mwenye timu. Hapigi kelele mwanzoni. Anakuuliza swali dogo, la tarehe. Umemaliza chuo mwaka gani?

2010 kuna kijana alijisifu kuwa samaki mkubwa kwenye dimbwi dogo. Claude akamwambia yeye hata samaki si. 2014 mwingine akaleta mpango wa biashara wenye kurasa chache na picha za mashua, akaonyeshwa mlango kabla kiti hakijapata joto. Nikiwa kazini naiona ile sura kila wiki, sura ya mtu aliyedhani wasifu hausomwi.

Ila kuna jambo linanikera. 2008 mshindi, Lee McQueen, aligundulika kadanganya muda aliokaa chuo, kasema miaka miwili kumbe miezi michache. Sugar akampa kazi vilevile. Hapo ukali uko wapi? Wasaili wamefukua, bosi amefukia.

Na ushindi wenyewe si pepo. Mshindi wa 2010, Stella English, alimpeleka Sugar baraza la kazi akidai kazi aliyopewa haikuwa kazi bali pambo. Alishindwa 2013. Wakati huo zawadi ilishabadilika: kuanzia 2011 huajiriwi tena, unawekezewa pauni 250,000 naye anachukua nusu ya kampuni. Mimi hiyo nusu ndiyo ingenitoa jasho kuliko makelele yote.

---

Bint_Forodhani

Jamani mmesahau kuku wa Marrakech! 2008, wametumwa Morocco na orodha ya vitu vya kutafuta, kimojawapo kuku wa kosher, yaani aliyechinjwa kwa taratibu za Kiyahudi. Wakaenda kwa mchinjaji Mwislamu wakamwomba amsomee dua kuku wa watu. Na mmoja wao wasifu wake ulijitaja kuwa kijana mwema wa Kiyahudi! Sugar mwenyewe ni Myahudi. Nilicheka mpaka bibi akatoka chumbani kuuliza nani kafa.

---

Kaka_wa_Luton

Hahaha Bint, ile siwezi kuisahau. Ongeza na ya 2007, soko la Arras, Ufaransa. Waliambiwa wapeleke vyakula vya Uingereza wakauze. Kiongozi, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi, akabeba jibini la kiwandani la bei ya chee kutoka duka la jumla, akaenda kuwauzia Wafaransa. Ni sawa na kubeba karafuu za pakiti kutoka Dar ukazitandaze Pemba.

Dada HR, kuhusu Claude nakubali. Nick alipoondoka baada ya msimu wa 2014, Claude ndiye aliyehamishiwa kiti cha pembeni, na kwa maoni yangu hapo akapungua makali. Usaili ulimfaa kwa sababu ulikuwa wa dakika chache. Kumfuata mtu kutwa nzima kunahitaji uvumilivu wa Margaret. Naye Margaret aliondoka 2009 akarudi chuo, akasomea maandishi ya kwenye mafunjo ya kale, akapata udaktari wake 2012. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayemwogopa, anayeweza kusoma karatasi iliyooza ya miaka elfu mbili. Risiti yako ya jana itamshinda?

---

MamaDuka_Kisumu

Hamjambo ndugu zangu. Na Karren Brady hamumtaji? Tangu 2010 yuko pale kwenye kiti cha Margaret. Aliendesha klabu ya mpira ya Birmingham City akiwa na miaka 23, mwaka 1993, katika mpira wa wanaume wa wakati ule. Akimwambia msichana "usikubali wakukate maneno" anajua asemalo. Naona nyinyi mnapenda washauri wanaokunja uso, huyu anaelekeza.

Kwetu Kenya tulikuwa na KCB Lions' Den, ilianza 2016, na mimi ningeenda huko kabla ya kwa hao mabosi wenu wanne. Simba watano: Wandia Gichuru wa nguo za Vivo, Darshan Chandaria, Kris Senanu, Myke Rabar, Olive Gachara. Wewe unakuja na biashara yako, unasema unataka pesa ngapi kwa hisa ngapi, wanakuhoji. Ukikataliwa unarudi nyumbani na biashara yako. Hakuna kuburutwa na begi kama mtoto aliyefukuzwa bweni.

---

Mzee_wa_Upanga

Mama Duka, hiyo ni meza nyingine. Simba wanahoji biashara, hawa wanahoji mtu. Kule ukiwa na hesabu nzuri umepona. Huku hesabu nzuri na timu imekuchoka, umekwenda.

---

MamaDuka_Kisumu

Ndiyo maana nimesema ningeenda kule, mzee wangu. 😄

---

Mchimbaji_Geita

Shobanjo hamjamgusa. 2008, mtu wa matangazo, mwanzilishi wa kampuni ya Insight pale Lagos. Sauti ya chini, suti safi, na mwisho wa siku Mnaijeria akampa ushindi Mghana. Kwa wanaojua ubishi wa Nigeria na Ghana kuhusu wali wa jollof, huo ndio ujasiri kuliko wa Trump na Sugar ukiwajumlisha.

---

DadaHR_Ilala

Hiyo hoja nzito Mchimbaji, nimekubali 😂

Niseme la mwisho. Nilipoanza kazi nilikuwa chini ya bosi mmoja, simtaji wala pa kazi sipataji. Alikuwa anafoka mpaka mlinzi wa getini anasikia. Mwezi wa kwanza nililia chooni. Mwezi wa tatu nilishajua anafoka kuhusu nini na ananyamaza kuhusu nini, nikawa simwogopi tena. Aliyenitoa jasho mpaka naondoka alikuwa mhasibu, mama mmoja mpole, mtandio begani. Anakuja mezani kwako na karatasi moja: "Mwanangu, hii ya tarehe 14 nisaidie." Basi roho inaruka. Kwa hiyo kwenye swali la Fundi, bosi yeyote nitakaa mbele yake. Nipeni tu Nick upande wa kulia, nisimwone Margaret.

---

Kaka_wa_Luton

Siku hizi pembeni yupo Tim Campbell, mshindi wa kwanza kabisa, wa 2005. Aliingia kumshikia Claude aliyekuwa ameumia kwa ajali ya baiskeli 2021. Huyo alishakaa upande ule mwingine wa meza, akangoja kidole. Ukitaka mwenye huruma, omba yeye.

---

FundiSimu_Mwanza (mwenye uzi)

Wakuu, asanteni. Nimemsomea mama watoto uzi wote, amecheka kwenye kuku, na kwenye mhasibu wa Dada HR akanyamaza kidogo. Nilikuja hapa kumtetea Trump, nimebaki namfikiria Margaret.

Na nimejiletea balaa. Tangu juzi nikiwauliza vijana wangu mauzo ya siku, mke wangu anavuta stuli anakaa kona ya kibanda na daftari la shule la mtoto. Hasemi kitu. Vijana siku hizi wanahesabu chenji mara mbili, nikafurahi, nikajua kweli mshauri ana faida.

Jana usiku nikalifungua hilo daftari. Ukurasa wa kwanza wote ni mimi. "Saa nne na robo, bosi kaenda kunywa chai. Saa tano na dakika ishirini, bosi karudi. Chaja mbili, kampa rafiki yake, hela sijaiona."

Kesho saa kumi na mbili asubuhi ameniita kikao. Kaka wa Luton, huyo Tim anapatikana?